Ikisiri yangu imerudishwa mara mbili: nikate wapi?

Mwanafunzi wa Mlingotini
Wanajamvi, salaam. Niko Bagamoyo, namalizia tasnifu ya uzamili kuhusu wakulima wa mwani wa kijiji cha Mlingotini. Kongamano ninalotaka kushiriki linapokea ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, isiyozidi maneno 250, nami nimeandika zaidi ya 400, na msimamizi wangu amenirudishia mara mbili akisema haoni nilichogundua. Nimeanza na historia ya kilimo cha mwani tangu kilipoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, nikafafanua nadharia, kisha nikamalizia kwa kusema kwamba "matokeo yamejadiliwa na mapendekezo yametolewa". Kila ninapopunguza naona ninaondoa jambo la lazima. Naombeni mwongozo.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Mwanangu, sentensi yako ya mwisho inaweza kuhamishiwa kwenye tasnifu ya mkonge au ya mashairi na isibadilike hata neno, na hapo ndipo msimamizi wako anapokwama. Wanakamati wa kongamano hawana tasnifu yako mkononi. Wanakupokea au kukukataa kwa ikisiri peke yake. Historia ya 1989 ni ya kweli, lakini si ugunduzi wako, kwa hiyo ibaki katika sura ya kwanza. Nadharia itaje kwa jina tu, marejeo yaondoe yote, na mbinu zieleze kwa sentensi moja au mbili: ulimhoji nani, wangapi, wapi na lini. Nafasi iliyobaki, ambayo ni karibu nusu ya ikisiri, ni ya matokeo na maana yake. Hebu tueleze hapa, kama unavyomweleza jirani, uligundua nini?

Mwanafunzi wa Mlingotini
Shikamoo, mwalimu. Niligundua kwamba maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, ilikuwa ikifa. Waliohamishia mashamba kwenye kina kirefu ni wenye vyombo na wanaojua kuogelea, na wanawake wengi wakabaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini.

Binti Kaole
Ndugu yangu, maelezo hayo yana uzito kuliko yote uliyoyaandika mwanzo, nami nimeyasoma mara mbili. Neno "wengi" libadilishe liwe idadi, kwa kuwa idadi unayo. Kwa mtu wa bara, fafanua kwa maneno machache kwamba kotonii na spinosamu ni aina za mwani. Hata hivyo naomba kutofautiana kidogo na mwalimu: usiondoe usuli wote. Mimi naandika kuhusu magofu ya Kaole, na nimejifunza kwamba msomaji asiyeijua pwani huhitaji sentensi moja ya kumweleza tatizo kabla ya kupewa jibu.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Nakubali, iwe moja tu. Na ikisiri hiyo iandike upya tangu mwanzo badala ya kupunguza ile ya zamani, maana anayepunguza hubakiza mpangilio uleule.

Mwanafunzi wa Mlingotini
Asanteni kwa ushauri, nimeanza upya usiku huu. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Kuongezeka kwa joto la maji ya kina kifupi kumewalazimu wakulima wa mwani wa Mlingotini kuchagua kati ya kuhamia kina kirefu na kulima aina yenye bei ya chini, utafiti huu ulichunguza ni nani aliyeweza kuhama, na kwa nini." Kesho naingiza idadi.