Majirani wa Mtaro: kabla ya mkutano wa Jumamosi

Mama Zai: Jamani, maji ya jana usiku yameingia tena hadi jikoni kwangu. Unga wote wa maandazi umelowa, nimeamka sina cha kukanda. Huyu diwani si alituahidi mtaro?

Fundi Bakari: Pole sana mama. Nimepita asubuhi pale kwenye kalavati, kuna godoro zima limeziba na chupa za maji zimejaa juu yake.

Neema: Shikamooni wakubwa. Mimi naomba tumpe diwani haki yake. Alikuja mwenyewe, akavua viatu akaingia kwenye tope na kamba ya kupimia. Hakutuma mtu.

Mama Zai: Marahaba mwanangu. Kuja alikuja, sikatai. Lakini unga wangu ndio huo umekwenda.

Mwenyekiti wa Mtaa: Pole Mama Zai, nitapita hapo baada ya adhuhuri. Naomba nieleze jambo. Diwani hana fungu lake la kujenga mtaro. Barabara zetu za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Kazi yake ni kuibeba hoja yetu: yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ni katibu. Ikipita hapo inakwenda halmashauri, naye anaitetea kwenye baraza la madiwani. Sasa alipotuomba muhtasari wa mkutano wa mtaa, siku ile tulijitokeza wachache mno, akidi haikutimia. Atatetea nini? Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti inaandaliwa miezi hii ya vuli. Tukichelewa, tunasubiri mwaka mwingine.

Fundi Bakari: Na zile nyumba mbili zilizosogeza msingi juu ya mtaro? Kila mtu anaogopa kulisema.

Mwenyekiti wa Mtaa: Diwani ameshakaa nao. Mmoja amekubali kuvunja baraza lake, mwingine bado wanazungumza. Naomba tusiwataje humu, ni jirani zetu.

Neema: Hapo ndipo ninapomheshimu kwa kweli. Wale walimfanyia kampeni nyumba kwa nyumba. Angeweza kunyamaza kulinda kura zake, na hakuna ambaye angemuuliza.

Babu Shomari: Wanangu, mimi niko hapa tangu Mto Ng'ombe haujajengewa zege. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, umeujenga, tumeona pia barabara na taa kule Tandale, tunashukuru. Lakini taka zinazoshuka mtoni zinatoka kwenye mitaro yetu hii midogo. Zege diwani anaweza kulipigania. Hilo godoro limetupwa na mtu wa mtaa huu huu, na inaniuma kulisema.

Mama Zai: Kweli Babu.

Neema: Mwenyekiti, na ule mkopo wa asilimia 10? Kikundi chetu cha vijana tunataka guta la kuzoa taka.

Mwenyekiti wa Mtaa: Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Msimwendee diwani, hagawi yeye. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii pale kata, mbebe katiba ya kikundi na majina ya wanachama. Diwani ameniambia atafuatilia maombi yasikwame njiani.

Neema: Asante sana, Jumatatu tunakwenda.

Mwenyekiti wa Mtaa: Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi, uwanja wa shule. Diwani atakuwepo. Kila nyumba itoe mtu mzima mmoja, asaini mahudhurio.

Mama Zai: Nakuja, na baba Zai namleta. Nina picha za maji jikoni, nitamwonyesha diwani usoni kabisa azipeleke huko barazani.

Fundi Bakari: Mimi godoro nalitoa leo jioni nikitoka kazini. Koleo ninalo. Nani ana toroli?

Babu Shomari: Lipo kwangu, njoo ulichukue. Tairi lina upepo.

Neema: Kaka Bakari, tunakuja vijana wanne kukusaidia.