Mwanangu alifariki siku ya 3 bila kubatizwa, nimeambiwa hayuko mbinguni. Naombeni ushauri

NuruYaAsubuhi:
Habari zenu wana jukwaa. Hii nimeiandika mara tatu nikafuta, leo naituma.

Mwezi wa tano nilijifungua mtoto wa kiume nikiwa na wiki 31. Njiti, kilo 1.3. Alilazwa wodi ya njiti, mimi nikawa nakwenda kila baada ya saa mbili kumkamulia maziwa, wanampa kwa mrija. Mkononi alikuwa na plasta imeandikwa jina langu kwa peni ya bluu, maana la kwake bado hatujampa.

Usiku wa tatu nesi alikuja kuniamsha. Nikamkuta mtoto anapumua kwa kukatakata. Nesi akaniuliza, "Mama, mtoto ana jina?" Nikamjibu baba yake anakuja asubuhi, ndiyo tutampa. Sikuelewa alikuwa ananiuliza nini. Chupa yangu ya maji ilikuwa pale pale dirishani. Ndani ya nusu saa alikuwa ameshaondoka.

Sisi ni Wakatoliki. Mume wangu alipokwenda kwa katekista wa kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, aliambiwa kwa kuwa mtoto hakubatizwa hana ibada, mzikeni tu. Tukamzika watu saba, hakuna sala ya kanisa, hakuna msalaba. Siku ya matanga mama mdogo wa mume wangu akasema mbele za watu kwamba Yesu mwenyewe alisema, "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu." Akamalizia, "Ndiyo hivyo tena."

Tangu siku hiyo sijakanyaga jumuiya. Naombeni wanaojua maandiko mniambie. Mwanangu yuko wapi? Je, nina dhambi kwa sababu maji yalikuwepo na sikumbatiza? Na ninaweza kumwombea Misa?

Mtu wa Pwani:
Pole sana dada yangu. Mimi ni Mwislamu, sitaingilia mambo ya ubatizo. Ila kwetu tumefundishwa kwamba watoto waliokufa wadogo wako peponi wakilelewa na Nabii Ibrahim. Nilizika mmoja mwaka juzi. Mungu akupe subira.

Neno Halibadiliki:
Pole kwa msiba. Lakini tusidanganyane kwa sababu ya huruma. Yohana 3:5 iko wazi. Neno ni neno.

KatekistaMstaafu:
Binti yangu, nimefundisha katekisimu miaka 27, naomba unisome polepole.

Nianze na ndugu aliyetangulia. Andiko la Yohana 3 ni la kweli na Kanisa linalishika. Lakini Yesu alikuwa anaongea na nani? Na Nikodemo, mtu mzima, mwalimu wa Israeli, aliyemjia usiku kwa miguu yake mwenyewe. Yesu huyo huyo alimwambia mnyang'anyi msalabani, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi," na pale Kalvari hatusomi kwamba kuna aliyembatiza. Anayeshika mstari mmoja aushike na mwingine.

Hofu aliyokutia huyo mama haikuanzia kwake, ina historia ndefu. Mtakatifu Augustino alifundisha kwa ukali kwamba mtoto asiyebatizwa hauoni uso wa Mungu, ingawa alisema adhabu yake ni ndogo kuliko zote. Karne nyingi baadaye wanataalimungu, yaani wasomi wa mambo ya Mungu, wakaona hilo ni zito mno, wakasema watoto hao wanakaa limbo, mahali pasipo na mateso ila hawamwoni Mungu. Bibi zetu walifundishwa hivyo na wamisionari. Ila limbo haijawahi kuwa fundisho rasmi la imani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 hailitaji kabisa neno hilo. Namba 1257 inasema Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini Yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Namba 1261 inasema watoto waliokufa bila ubatizo Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, kama linavyofanya katika ibada yao ya mazishi. Umeona? Ibada yao ya mazishi ipo! Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ikatoa waraka mzima juu ya watoto hawa, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikisema zipo sababu nzito za kutumaini kwamba wanaokolewa.

Sitakwambia "najua", maana Kanisa lenyewe linatumia neno tumaini. Lakini kwetu tumaini si kubahatisha. Tunamtumaini Mtu tunayemjua tabia yake, aliyesema "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie."

Jambo lingine. Kila tarehe 28 Desemba tunaadhimisha Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode pale Bethlehemu. Hakuna aliyebatizwa kwa maji, wala aliyejua anakufa kwa ajili ya nani. Tunawaita watakatifu.

Sasa kuhusu mazishi. Sheria ya Kanisa, kanuni 1183, inasema askofu anaweza kuruhusu mazishi ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Ninyi mlikusudia. Mwenzangu wa kigangoni alipaswa kumpeleka mumeo kwa paroko. Ninamwombea radhi, kwa kuwa kazi ile niliifanya na mimi na najua inavyouma kusikia tumemfukuza mtu mlangoni.

Nenda kwa paroko mwenyewe, usipitie kwa mtu. Misa mnaweza kuomba.

MamaWaUsharika:
Mimi ni Mlutheri, nilipoteza mimba ya miezi saba. Mchungaji wetu alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. Mwaka 1542 Martin Luther aliandika maneno ya faraja kwa akina mama ambao watoto wao walikufa tumboni au wakati wa kuzaliwa, kabla ya ubatizo. Alisema mama wa Kikristo anapobeba mimba akitamani mtoto wake awe wa Mungu, shauku ile moyoni ni sala, na Mungu anaisikia hata kama haikutamkwa. Mchungaji akanifungulia na Warumi 8:26, Roho anatuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Mwaka huo huo wa 1542 Luther alimzika binti yake Magdalena wa miaka 13. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa kilio.

Dada, zile safari za kila saa mbili usiku kwenda kukamua maziwa, kwa Mungu hazikupita bure.

Mteule wa Bwana:
Kwetu walokole watoto wachanga hatuwabatizi, tunawaweka wakfu tu. Tunaamini mtoto ambaye hajajua mema na mabaya Mungu hamhesabii, soma Kumbukumbu la Torati 1:39.

Ila nenda pia 2 Samweli 12. Mtoto wa Daudi alikufa siku ya saba. Tohara, ambayo ndiyo ilikuwa alama ya agano, hufanyika siku ya nane. Wengine huhesabu hiyo saba tangu alipougua, sibishani nao. Lakini tazama Daudi alivyofanya: aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani kwa BWANA akasujudu, akala. Akasema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Hakuuliza kama alama iliwahi au haikuwahi.

Msabato Mnyenyekevu:
Kwa imani yetu wafu wote wamelala, hakuna aliyeko mbinguni wala motoni kwa sasa (1 Wathesalonike 4:16). Mtoto wako amelala, na Bwana akirudi atamwamsha. Msome Raheli katika Yeremia 31, analia watoto wake hawako, na Mungu anamwambia azuie sauti yake isilie.

Neno Halibadiliki:
Sasa kila mtu ana mbingu yake. Ndiyo maana nikasema Neno.

KatekistaMstaafu:
Ndugu, sisi hapa tunatofautiana mengi, na yana uzi wake. Huyu ni mama mwenye kaburi la miezi michache. Raheli Mungu hakumjibu kwa kumkemea.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Mimi nafanya kazi wodi ya njiti, kwa hiyo swali lako la pili ndilo limenigusa zaidi.

Mwenzangu alipokuuliza jina nadhani alitaka kujua kama unataka abatizwe. Mimi huwa nauliza waziwazi: "Mama, ungependa mtoto abatizwe?" Kuna wanaoogopa kuuliza hivyo wakidhani mama ataona wamemkatia tamaa mwanawe. Mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lile Kanisa linalokusudia. Unamimina maji kidogo kichwani, unamtaja jina, unasema "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Nimefanya hivyo kwa maji ya kwenye kikombe cha dawa. Wanaotusoma hapa wakiwa na ujauzito, lishikeni hili, na mapadre wetu walifundishe kwenye semina za ndoa, maana akina mama wengi hawalijui.

Lakini wewe hukulijua. Katekisimu niliyofundishwa inasema dhambi ya mauti inataka mtu ajue na akubali kwa hiari. Wewe usiku ule, siku ya tatu baada ya kujifungua, umeamshwa usingizini, ulimwangalia mtoto wako. Hiyo si dhambi, dada.

NuruYaAsubuhi:
Nimewasoma wote, hata anayenipinga. Asanteni. Ile sehemu ya Daudi kuoga na kula nimeirudia mara nyingi, kwa sababu mimi nilikuwa sili.

Jana tulikwenda kwa paroko, mimi na mume wangu. Hakutukatiza. Nilipofika kwenye chupa ya maji nilishindwa kuendelea, akasubiri mpaka nikamaliza. Akasema angeitwa siku ile angekuja. Akafungua daftari la nia za Misa akauliza, "Anaitwa nani?" Tukatazamana, maana hatukuwahi kulisema kwa sauti. Mume wangu akalitaja jina la baba yake. Litasomwa Jumapili Misa ya kwanza, na Jumamosi ijayo paroko atakuja kubariki kaburi.

Leo asubuhi mume wangu amekwenda kwa seremala na kipande cha mninga. Amenipigia kuniuliza waandike nini kwenye msalaba. Nimemwambia waandike lile jina, na tarehe zote mbili.