Naomba ushauri: medali isiyo na jina

Ndugu zangu, kikundi chetu kinawaenzi wazee wetu wa King's African Rifles (jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) waliopigana Burma mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na kila anayejiunga hutakiwa kuthibitisha nasaba yake. Juzi bibi mmoja alitufungulia kitambaa chenye Nyota ya Burma, medali ya vita hivyo, ya marehemu baba yake, shaba yenye ncha sita, utepe umefifia, lakini haikuchongwa jina wala namba ya jeshi. Kumbukumbu za makaburi ya vita huorodhesha waliokufa tu, naye mzee huyu, tunashukuru, alirudi nyumbani. Kumkataa bintiye kunaniuma sana. Je, ushuhuda wa wazee wa ukoo unatosha, au tutafute uthibitisho gani mwingine?