Nimetoka kuumwa malaria kali, nataka kurudi kukimbia ila nyumbani hawajatulia, nifanyeje?

MamaWawili_Ilazo:
Habari zenu wadau wa mazoezi, hasa mlioko Dodoma. Mi nakaa Ilazo, kabla sijaumwa nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri nakimbia zangu mpaka Kisasa narudi kabla gari la shule halijamchukua mkubwa (yuko la pili, mdogo ndo kwanza anajifunza kutembea). Sasa nilienda msibani Geita, kurudi tu nikaanguka malaria, nikalazwa, sindano, dripu, damu (kile kipimo cha wingi wa damu, Hb) ikashuka mpaka 7 wakaniongezea. Muda wote huo mume wangu ndo anaamsha watoto, anakoroga uji, anapita wodini halafu anawahi kazini Mtumba, mama mkwe naye akapanda basi toka Kondoa kuja kushika nyumba. Namshukuru Mungu nimepona, mseto nimemaliza, ila damu bado iko 10 na nikipanda ngazi ofisini moyo unaenda mbio.

Juzi nikamwambia mume nataka nianze tena taratibu, akanyamaza. Baadae sana akasema "mama watoto, hospitali bado haijanitoka kichwani." Namwelewa kabisa jamani, lakini kukimbia ndo kitu pekee kwenye siku yangu ambacho siyo cha ofisi wala cha nyumba, nisipokimbia nakuwa na hasira za karibu na watoto wanaziona. Na nilikuwa nimeshapanga kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Nianzeje bila kuuumiza mwili na bila kuleta kununiana ndani?

Nesi_Kizota:
Pole sana dada, na mpe pole shemeji pia maana kuuguza nako ni kuumwa. Nianze na hiyo 10. Mdudu wa malaria anaingia ndani ya chembe nyekundu anazaliana humo mpaka zinapasuka, na hizo ndo zinabeba oksijeni, sasa zikiwa chache moyo unalazimika kupiga haraka ili misuli ipate, ndo hicho unachokisikia kwenye ngazi. Mwanamke akiwa chini ya 12 tunasema ana upungufu wa damu. Na Dodoma tuko kama mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa siyo nzito kama Dar, mwenye damu pungufu anaisikia. Kwahiyo kwa sasa tembea, sehemu tambarare, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Asubuhi kabla hujashuka kitandani hesabu mapigo ya moyo dakika moja uandike, siku yakiwa juu kuliko kawaida yako pumzika. Homa ikirudi, kifua kikibana au kizunguzungu, acha nenda kapime.

Msosi usisahau, dagaa, maini, maharage, mlenda, na ubuyu huku kwa Wagogo umejaa, ile vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye mboga. Chai ikae mbali na chakula, inazuia.



BabaK_Nzuguni:
Mi naongea upande wa shemeji. Mke wangu aliumwa nimonia, aliporudi kwenye mazoezi alikuwa anatoka bado giza, mimi nabaki kitandani macho kodo nawaza akianguka huko nani atamjua. Siyo kwamba namkataza ila nilikuwa sina wa kumwambia hivyo. Kilichonisaidia ni kwenda nae kliniki siku ya kupima, nikasikia kwa masikio yangu daktari anasema hili ruksa hili bado. Mchukue mumeo siku ya kipimo dada. Pili hiyo saa kumi na moja iache kwa sasa, kipupwe hiki saa kumi na mbili yenyewe bado giza, baridi na upepo juu. Nendeni jioni wote, mkubwa na baiskeli yake, mdogo baba yake ambebe, wewe utembee. Mama mkwe nae muulize anaonaje, mtu aliyetoka Kondoa kuja kukuuguza akisikia umerudi barabarani kimyakimya ataumia.

Raba_za_Singida:
Nesi yuko sahihi ila mi naona damu ikifika 11 na ushei hivi unaweza kuchanganya, unakimbia dakika moja polepole unatembea tatu. Ile 21 iache, pale Moshi kwenye hiyo marathon kuna na kilomita 5, nenda na familia. Kijana wetu wa Singida, Simbu mkimbiaji wa marathon, alipata shaba ya dunia London 2017, dhahabu kaja kuipata Tokyo 2025, miaka 8 hapo katikati, na yule kazi yake ni kukimbia. Barabara za UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) achana nazo kwanza, vilima vile vitakumaliza.

Nesi_Kizota:
Hiyo ya kuchanganya sawa kaka, lakini aliyemtibu ndo aseme, alishuka mpaka 7 huyu.

MamaWawili_Ilazo:
Asanteni mno. Nimempa mume simu asome mwenyewe, kwa BabaK alirudia mara mbili. Kliniki tunaenda wote, na jioni ya Jumamosi tunatembea mpaka Kisasa, mama mkwe kasema anabaki na mdogo. Moshi kwa kweli imeniuma kuiachia ila bora hiyo 5. Nesi, vidonge vya chuma naweza kumezea maji ya ubuyu?

Nesi_Kizota:
Ndiyo, vizuri tu. Usimezee chai wala maziwa, acha kama masaa mawili hivi. Na ukiona choo cheusi usishtuke, ni hicho chuma.