Naomba ushauri: nipime udongo au majani ya dawa?

Habari zenu wakuu. Nachuma majani ya mmea uleule wa dawa sehemu mbili: mteremko wa mawe ya chokaa, na bondeni kwenye udongo mweusi wenye tindikali. Ya bondeni ni mapana, yanavutia macho, lakini ukiyafikicha harufu hafifu. Ya mteremkoni madogo, makali ajabu. Najua naitrojeni nyingi hunenepesha majani na mara nyingi hupunguza tanini (kemikali chungu za mmea zinazokaza ulimi). Kinachonitia wasiwasi ni kadmiamu, metali yenye sumu: pH ya udongo ikishuka, yaani tindikali ikizidi, mizizi huinyonya kirahisi zaidi, na kikomo kilichopendekezwa na WHO ni miligramu 0.3 tu kwa kilo ya dawa kavu. Nianze kupima udongo au majani yenyewe? Sampuli nichimbe kina gani, mizizi ikiwa mifupi? Kumwaga chokaa porini ili kupunguza tindikali sitaki, hilo msinishauri.