Mhadhiri kasoma barua yangu ya PhD mbele za watu, kasema "huyu mimi simfahamu"

Jabali la Igogo

Wakuu, salamu leo sina. Naandika nikiwa ndani ya daladala ya Buhongwa, hapa Mwanza, mkono unatetemeka mpaka kondakta kaniuliza kama nimefiwa.

Mnamjua. Jina sitaji, msinitegee. Yule wa koti la kaki, ambaye hata mada iwe uchaguzi wa serikali za mitaa lazima apitie kwanza safari yake ya Ulaya. Kama umesoma siasa Kanda ya Ziwa na hujaisikia hiyo safari, basi ulisomea kwenye redio.

Naomba PhD ya sayansi ya siasa, Marekani. Kule bila wadhamini watatu hata uwe na akili ya kuhamisha ziwa, mfumo haukupokei. Na barua hupewi mkononi. Unajaza barua pepe ya mdhamini, mfumo unamtumia linki, anapakia mwenyewe. Yaani maisha yangu yote yamelala ndani ya barua pepe ya mtu anayetumia Yahoo na nywila aliisahau enzi za Kikwete. Nilipomwomba kasema, "Andika wewe, mimi nitapitia." Haya. Nikaandika.

Sasa ukiambiwa ujisifie kwa mdomo wa mtu mwingine, utajiandika vipi? Utasema "anajitahidi"? Niliandika kama binadamu mwenye njaa ya shule.

Leo mchana kanipigia: njoo Kirumba, ilete kwenye karatasi, macho yangu na simu haviivi. Nimefika mwaloni, nimemkuta na wenzake, katikati sato ukubwa wa mtoto wa chekechea. Kaichukua karatasi na vidole vyenye mafuta. Kaisoma KWA SAUTI. Kiingereza changu, kwa sauti, mwaloni Kirumba! Alipofika pale nilipoandika "ni mmoja wa wanafunzi bora niliowahi kuwafundisha", kavua miwani, kawageukia wenzake, kasema:

"Huyu aliyeandikwa hapa, mimi simfahamu."

SIMFAHAMU.

Meza ikaanguka kicheko. Mhudumu akacheka, chupa ya soda ikamponyoka. Kuna jamaa nyuma alikuwa anaparua samaki, kacheka kisu kikiwa mkononi. Na yule sato, wakuu, naapa alitabasamu.

Simfahamu! Mimi niliyembebea projekta toka mwaka wa kwanza! Mimi niliyemsahihishia karatasi za diploma yeye akiwa kwenye semina Dodoma! Mtihani wa GRE, ule wa kuombea shahada za juu Marekani, ni dola 220, zaidi ya laki tano za kwetu, na vyuo vingi siku hizi vinasema "si lazima", neno linalonyima usingizi kuliko "lazima", maana hujui ukiacha wanakuonaje. Ada ya maombi kila chuo inakaribia dola mia. Ile insha ya kujieleza nimeiandika mpaka mwenyewe nimejichoka. Desemba 15 dirisha linafungwa. Haya yote nimeyabeba, halafu mtu mwenye mwiba wa samaki kwenye meno ananiambia SIMFAHAMU.

Karatasi kanirudishia. Ina alama ya kidole gumba cha mafuta palepale kwenye "bora".

---

Binti wa Nansio

Hahahaha "huyu mimi simfahamu". Pole mkuu ila nimecheka nikiwa kwenye foleni ya benki, mlinzi ananiangalia vibaya.

---

Kitambi cha Kirumba

Bila picha ya hiyo karatasi yenye gumba, uzi batili.

---

Profesa wa Kijiweni

Miaka mitano mpaka sita kwenda kusomea siasa Marekani, wakati siasa yote inapatikana uwanja wa Furahisha kipindi cha kampeni, bure, na kofia wanakupa. Mzee kakuokoa, mnunulie sato wa pili.

---

Pamba Nyeupe

Mleta uzi shukuru Mungu, wako kasoma. Wa kwangu alipakia barua ya mtu mwingine. Mimi niliomba siasa linganishi, barua ikawa inamsifia dada mmoja na utafiti wake wa wadudu wa pamba. Nilikuja kujua baadaye, mwenyewe kaniambia anacheka. Na walinikubali! Mpaka leo nikiwa huku huwa najiuliza walimkubali nani.

---

Binti wa Nansio

@Pamba Nyeupe hii ni chai, na sukari umezidisha.

---

Pamba Nyeupe

Chai kunywa wewe. Jina langu ni la jinsia zote, hawakushtuka.

---

Mzee wa Fomu

Jabali, ushauri wa bure kabla hujalia tena. Vyuo vingi kule vinataka barua pepe ya chuo ya mdhamini. Hiyo Yahoo wanaweza kuitilia shaka hata akikusifia kama malaika. Halafu GPA, ule wastani wa alama, umejaza vipi? Fomu zao zimezoea mwisho nne, sisi mwisho wetu tano. Nina rafiki alijaza 3.9 bila maelezo, yeye hapa ni daraja la pili la juu, kule wakamwona jiniasi. Kwenye usaili wa mtandaoni wakampongeza, akanyamaza kimya akaangalia ukuta.

---

Jabali la Igogo

@Mzee wa Fomu GPA nimeeleza ni kati ya tano, mimi si mwizi. Ila tusitoke kwenye mada. SIMFAHAMU. Mnaelewa uzito wake? Angesema "barua ndefu" ningekubali. Angesema "Kiingereza kibovu" ningemeza. Kasema hanifahamu huku nimesimama mbele yake!

---

Kitambi cha Kirumba

Ulisimama? Hawakukupa kiti?

---

Jabali la Igogo

Hawakunipa kiti.

---

Kitambi cha Kirumba

Aisee. Hapo sasa nimekasirika na mimi.

---

Dagaa Mchele

Swali la msingi mnaliruka. Sato ukubwa huo, Kirumba, siku ya kazi, bei gani? Huyo ni wa ziwani au wa vizimba? Maana siku hizi tunauziwa wa vizimba tunaambiwa kavuliwa Ukara.

---

Binti wa Nansio

Wa vizimba ana mafuta mengi ndio maana gumba limeonekana. Tumemaliza kesi.

---

Wakili Bila Ofisi

Utafiti wenyewe unahusu nini? Isije ikawa mzee alikuwa na haki.

---

Jabali la Igogo

Nachunguza vikundi vya BMU, vile vya usimamizi wa fukwe. Kwa nini kwenye mwalo mmoja wavuvi wanakamatana wenyewe na nyavu haramu, na mwalo wa jirani, kabila lilelile, sheria ileile, BMU imebaki muhuri na kiti cha plastiki. Hiyo ni siasa, si uvuvi. Nani anachaguliwa, nani anaogopwa, nani ana shemeji polisi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia mwaka wa tatu kwamba mada ni nzuri. Leo hanifahamu!

---

Mzee wa Fomu

Mada ina ukoo mzuri. Elinor Ostrom alipata Nobel ya uchumi 2009 kwa mambo ya jinsi hiyo, watu kusimamia mali ya pamoja bila serikali wala tajiri kuwashikia fimbo. Na alikuwa mtu wa sayansi ya siasa. Alitaka kusoma PhD ya uchumi hapo UCLA, chuo kikuu cha California kule Los Angeles, wakamkatalia kwa sababu hisabati zake hazikutosha, akahamia siasa, akamaliza 1965. Waliomkataa hatuwajui majina.

---

Profesa wa Kijiweni

Kwa hiyo Jabali naye ni Ostrom. Ostrom wa Igogo. Nobel inakuja na kivuko cha Kamanga.

---

Mwana wa Sengerema

Omba Chevening mkuu, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, achana na huyo mzee.

---

Mzee wa Fomu

Chevening ni uzamili, mwaka mmoja. Hapa tunaongelea uzamivu.

---

Mwana wa Sengerema

Basi Uingereza kwenyewe. Kule unamtafuta msimamizi kwanza, unampelekea andiko, mnakubaliana. Huhitaji kwenda kumbembeleza mtu mwaloni.

---

Pamba Nyeupe

Utawaandikia maprofesa thelathini, watakujibu wawili, mmoja ni ujumbe wa mashine kwamba yuko likizo. Afadhali Marekani, unaomba kwa idara nzima, ukiingia unasoma madarasa kwanza miaka miwili, na vyuo vizuri vinakulipia ada na posho huku unafundisha vijana wao. Tatizo ni kusubiri. Unatuma Desemba, Februari na Machi ndiyo majibu yanadondoka, wewe unafungua mfumo kila ukiamka kuona kama neno limebadilika. Mimi nilifikia hatua ya kuota ukurasa wenyewe, nimelala na mke wangu naota ukurasa.

---

Binti wa Nansio

Mke alisemaje?

---

Pamba Nyeupe

Alisema nikikosa nitarudi kwenye pamba, na nikipata nitarudi kwenye pamba nina miwani.

---

Jabali la Igogo

Sasa nawauliza, kuna mtu humu ana mhadhiri mwenye barua pepe ya chuo anayeweza kunifahamu kufikia Desemba 15?

---

Kitambi cha Kirumba

"Anayeweza kunifahamu." Jamani huyu mtu aandikwe vitabu.

---

Muhuri Haukauki

Mnalia na barua za Marekani, mimi nina mwenyekiti wa mtaa. Nahitaji barua ya utambulisho tu, kwamba ninaishi hapa. Kijana wa serikali ya mtaa kaniambia "ya soda kwanza". Nimetoa. Kaandika jina la mtaa mwingine. Narudi, ananiambia ya soda ile ilikuwa ya barua ile. Na huyu tumecheza naye chandimu, ananiuliza "unaishi hapa toka lini?"

---

Dagaa Mchele

Naye hakufahamu.

---

Muhuri Haukauki

Kabisa! Na wino wa muhuri wake ni ule unaofutika ukishika. Nimefika benki mkono wangu ndio una muhuri, barua iko nyeupe.

---

Wakili Bila Ofisi

Kisheria hiyo soda huyo hana haki ya kuiomba. Mimi hata hivyo huwa natoa.

---

Mpangaji Mtiifu

Kwa kuwa ni uzi wa malalamiko, na mimi nishushe langu. Igoma. Nyumba ya vyumba sita, mita moja. Luku tunachanga sawa kwa sawa. Sasa kuna mpangaji, simtaji, ana friji, ana blenda, ana lile jiko la umeme analolificha chini ya kitanda mwenye nyumba akija. Mimi nina taa moja na chaja. Kila baada ya siku mbili luku imekata, na wa kwanza kuja kugonga mlango "jirani toa buku mbili" ni yeye!

---

Binti wa Nansio

Hao wapo kila nyumba. Wa kwetu alikuwa anauza barafu. Yaani tulikuwa tunamchangia mtaji.

---

Jabali la Igogo

Wakuu, naomba turudi kwenye barua.

---

Dagaa Mchele

Huyo wa friji dawa yake kuchomoa usiku. Asubuhi unasema umeme ulikatika.

---

Mpangaji Mtiifu

Nilishafanya Jumapili. Dhambi yangu ni ndogo kuliko bili yangu.

---

Shemeji wa Taifa

Subiri kwanza. Igoma ipi hiyo? Geti la bluu, mbele kuna fundi cherehani?

---

Mpangaji Mtiifu

Kwa nini unauliza?

---

Shemeji wa Taifa

KUMBE NI WEWE! Sangara wangu wa wiki nzima wameoza! Nikakuuliza mwenyewe pale bombani, ukaniambia eti umeme ulikatika mtaa mzima! Nikawalaani watu wa umeme bure mpaka nikaandikia uzi humu!

---

Kitambi cha Kirumba

Nimeweka kambi hapa. Nani ana karanga?

---

Mpangaji Mtiifu

Kama ni wewe, na jiko la chini ya kitanda ni la nani?

---

Shemeji wa Taifa

Jiko ni la dada yangu, mimi namtunzia. Nimekusikia unakohoa humo ndani. Toka nje.

---

Mpangaji Mtiifu

Siko ndani, niko Buzuruga. Anayekohoa ni mgeni wangu. Narudi saa mbili tuyamalize kiutu uzima.

---

Shemeji wa Taifa

Sawa. Ukija pitia na luku ya elfu tano, imekata sasa hivi.