Hadithi wanaikumbuka, somo wanasahau. Mnafanyaje wenzangu?

Mwl_Kidato2: Habari zenu walimu. Nafundisha baiolojia na vipindi vingine nasaidia hesabu, nimezoea kuanza na hadithi maana kipindi cha mchana bila hivyo nusu ya darasa wanasinzia macho yakiwa wazi. Wanazipenda kweli, wanatulia tuli. Shida nikija kuuliza swali wiki inayofuata, hadithi wanaijua yote mpaka jina la mbwa, ila ile dhana niliyotaka waipate hawana. Hivi kuna namna ya kuunganisha au nirudi tu kwenye kunakili notsi?

ChakiNyeupe: Huyo mbwa ndo tatizo 😂 mtoe. Kitu chochote kitamu kisichohusu somo ndo kitabebwa, somo utabaki nalo wewe. Mimi naangalia kitu kimoja tu, mwanafunzi asiweze kujua mwisho wa hadithi bila kutumia somo lenyewe. Chukua kipindupindu cha London 1854, watu zaidi ya 600 walikufa mtaa wa Soho, na wakubwa wa wakati ule wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow hakuamini. Hapo nanyamaza, nachora mitaa ubaoni na vidoti vya waliokufa na pampu ya maji ya Broad Street, nawauliza, ni hewa au maji? Wanabishana. Halafu nawapa mambo mawili ya kuwavuruga: wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani kabisa na pampu hawakufa, na mjane mmoja aliyekaa mbali kule Hampstead akafa. Kama ni hewa imekuwaje? Nawaacha wahangaike, ni mpaka aulize mmoja "kwani hao wa kiwandani walikuwa wanakunywa nini" ndo nasema, bia. Na mjane alikuwa analetewa maji ya pampu ile kwa sababu aliyapenda. Kufika hapo ushahidi wameupanga wenyewe, mimi nimebaki kuandika ubaoni.

PembeTatu: Naunga mkono, na kwenye hesabu ni hivyohivyo. Ile ya Gauss, yule mwanahisabati wa Ujerumani, akiwa mtoto, inasimuliwa mwalimu aliwapa wajumlishe 1 mpaka 100 ili wakae kimya, dogo akamaliza muda uleule. Walimu wengi wanaharibu hapa, wanataja 5050 papohapo wakitegemea watoto washangae. Usitaje! Waambie alimaliza, kisha wape dakika watafute alifanyaje. Wakikwama waandikie 1+100, 2+99, 3+98 uone nyuso, atatokea wa kupiga kelele kwamba zote ni 101 na jozi ziko 50.

SinaMuda: Samahanini lakini haya ni mazuri kwa mwenye wanafunzi wachache na silabasi fupi. Dakika 40, darasa limejaa, mtihani unakuja, nikae nasimulia habari za bia?

ChakiNyeupe: @SinaMuda sio kila kipindi ndugu yangu, nani ana nguvu hizo. Mada zenye fumbo ndani yake tu, kama ni majina ya sehemu za ua we wape wakariri yaishe. Na darasa kubwa lina raha yake maana mabishano yanakolea, ila usiulize nani anajua maana watajibu walewale wa mbele kila siku. Wagawe, upande huu hewa, upande ule maji, kila mmoja amgeuzie jirani yake amtajie sababu.

Mwl_Kidato2: Nimewaelewa, kumbe nilikuwa naimaliza hadithi kabla somo halijaanza. Swali la mwisho, wale ambao wameshaisoma mahali wanajua mwisho, si watawaharibia wenzao?

PembeTatu: Hao wape kazi ya kuwa upande wa hewa chafu na waitetee kwelikweli 😂 utashangaa. Anayejua jibu akilazimishwa kutetea kosa inabidi aujue ushahidi wote kuliko hata wenzake, na mwenzake wa upande wa maji naye anabanwa vizuri.

SinaMuda: Haya bwana, hiyo ya kipindupindu nitaijaribu Alhamisi. Mchoro wa mitaa unachora kwa mkono au una nakala? Mimi mkono wangu ubaoni ni aibu tupu.